MIFUMI: Jina la Kijiji Lililoingia Katika Sheria za Uganda

Tarehe 6 Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mume wa ndoa ya kimila aliyeachana na mkewe hana haki ya kudai arudishiwe mahari. Kesi ilikuwa imefunguliwa miaka minane kabla ya hapo, na jina lililotangulia kwenye jalada lilikuwa MIFUMI (U) Ltd, pamoja na wenzake 12. Kwa aliyelisoma jalada hilo Kampala, MIFUMI ni shirika. Kwa watu wa Tororo, Mifumi ni kijiji, na kabla halijaandikwa mahakamani jina hilo lilikuwa la mashamba, njia za miguu na watu wanaojuana kwa koo.

Hukumu ile imeshapita miaka 10. Maadhimisho ya namna hii huwa na tabia ya kuwashukuru majaji, wafadhili na serikali, kisha watu wakatawanyika. Historia ya MIFUMI inadai shukrani za mpangilio mwingine. Haki hii ilianzia kwa wanawake wa vijijini mashariki mwa Uganda waliothubutu kusema kinachowazuia kuondoka kwenye nyumba wanamopigwa. Ilipanda polepole hadi kwa majaji, ikaangushwa njiani, ikainuka tena. Kazi iliyobaki ni kuirudisha ilikotoka.

Ng'ombe waliogeuka kuwa deni

Anayetoka Kampala kwenda mashariki huvuka mto Nile pale Jinja, akapita Iganga na Bugiri, kisha akaona mwamba wa Tororo umesimama peke yake juu ya tambarare. Akigeuka kaskazini, mwendo wa kilomita 45 hivi humfikisha Mbale, chini ya mlima Elgon ambao Wagisu huuita Masaba. Hii ni nchi ya Wasoga, Wajapadhola, Wateso, Wagwere, Wagisu na wengine wengi. Lugha zao zinatofautiana, lakini kwa ndoa walikuwa na jambo moja la pamoja: mifugo ilihama kutoka boma la mwanamume kwenda boma la baba wa binti.

Wazee husema ng'ombe hao walikuwa heshima na ushahidi. Ukoo ulioleta ng'ombe ulitangaza mbele ya watu kwamba unamthamini binti, na ukoo uliowapokea ulijifunga kuilinda ndoa. Hakuna haja ya kuwabishia wazee hao. Lakini karne ya 20 iliingiza fedha kwenye heshima hiyo. Pamba ililimwa Busoga na Bukedi, kahawa ikapandwa kwenye miteremko ya Masaba, na reli ikaunganisha Jinja, Tororo, Mbale na Soroti. Kiwanda cha saruji kilianzishwa Tororo mwaka 1952, miaka ya ujenzi wa bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1954. Mishahara ya kiwandani na mauzo ya mazao yaliishia mifukoni mwa wanaume, ingawa sehemu kubwa ya palizi na mavuno ilitoka mikononi mwa wanawake. Ng'ombe walianza kuhesabiwa kwa shilingi, na mahari ikapanda. Wilaya ya Bukedi ilipata sheria ya kuiwekea mahari kikomo mwaka 1950. Kumbe hata wakati wa ukoloni watawala na wazee walishaona kwamba jambo linawaponyoka.

Uzito wa mahari ulionekana zaidi siku ya kuachana. Mke akikimbia kipigo, mume na ndugu zake walikwenda kwa baba mkwe kudai ng'ombe wao. Baba hana ng'ombe: aliwatumia kumwoza kaka yake binti, au waliuzwa kulipa ada ya shule, au walikufa. Hapo binti anakuwa tishio kwa watu wake mwenyewe. Akibaki nyumbani, kaka anaweza kudaiwa hata kwa ndoa yake. Basi mama na mashangazi humketisha, humpa maji ya kuoga na maneno ya kumtuliza, kisha humrudisha kwa mumewe. Asiporudi na mahari isipolipwa, mume wa kwanza huendelea kumhesabu kuwa mke wake, na mwanamume atakayemchukua hudaiwa fidia ya ugoni. Mahali pengine, mwanamke akifa kabla mahari haijakamilika, ndugu zake walikataa azikwe mpaka deni lilipwe.

Kesi hizi zilisikilizwa kwenye mabaraza ya ukoo na baadaye kwenye mabaraza ya kijiji, LC1, mbele ya wanaume waliokuwa wametoa ng'ombe wao wenyewe. Mwanamke alikaa pembeni akisikiliza akihesabiwa.

Waliofyeka njia

MIFUMI haikuwa ya kwanza kuligusa jambo la ndoa. Baraza la Wanawake la Uganda, lililoanzishwa miaka ya 1940 na kuwakutanisha Waafrika, Waasia na Wazungu, liliitisha mkutano mwaka 1960 kuhusu hali ya mwanamke katika sheria za ndoa. Rebecca Mulira na wenzake walikuwa wamechoshwa na habari za wajane waliofukuzwa nyumbani mara tu baada ya mazishi. Msukumo huo ulizaa tume ya serikali chini ya W. W. Kalema, iliyotoa ripoti mwaka 1965. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake ililala kabatini. Mwaka 1973, chini ya Idi Amin, dikrii ya kuandikisha ndoa za kimila iliipa ndoa hiyo nafasi rasmi, na ikaruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 16. Mwaka 1978 Amin alipiga marufuku vyama huru vya wanawake na kuweka baraza moja la serikali.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985. Mwaka huo huo Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, na wanawake waliorudi kutoka Nairobi wakaunda shirika la wanawake la ACFODE. Chama cha wanawake wanasheria, FIDA-Uganda, kilichokuwapo tangu 1974, kilifungua huduma ya msaada wa kisheria mwaka 1988. Mwaka uliofuata kila wilaya ilipata mwakilishi mwanamke katika bunge la wakati ule.

Mashariki ilitoa wanawake wawili waliofika mbali sana katika ngazi hizo. Speciosa Kazibwe, daktari wa upasuaji kutoka Iganga, aliapishwa kuwa makamu wa rais mwaka 1994, akawa mwanamke wa kwanza Afrika kushika wadhifa huo. Rebecca Kadaga, wakili kutoka Kamuli, aliingia bungeni mwaka 1989 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa spika wa bunge la Uganda, kuanzia 2011 hadi 2021. Cheo, hata hivyo, hakikuwa ngao. Mwaka 2002 Kazibwe alisema hadharani kwamba alikuwa anapigwa katika ndoa yake. Wapo waliomlaumu kwa kuanika mambo ya chumbani. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema tena kwamba kipigo ni shida ya maskini wasiosoma.

Katiba ya 1995 ndiyo iliyowapa wote hawa silaha. Ibara ya 31 inasema mwanamume na mwanamke wana haki sawa katika ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja. Ibara ya 33 inakataza sheria, mila na desturi zinazokwenda kinyume na utu, ustawi au maslahi ya wanawake. Maneno hayo hayakuja yenyewe. Wajumbe wanawake wa bunge la katiba walijipanga pamoja kuyapigania, na wanawake wa wilayani walikuwa wamekwisha kusema yao mbele ya tume ya Jaji Benjamin Odoki. Likabaki swali: nani atakwenda mahakamani kuuliza kama katiba hiyo inafika hadi kwenye zizi la ng'ombe?

Kutoka kijijini hadi kwenye sanduku la kura

MIFUMI ilianza miaka ya 1990 kama shirika la maendeleo ya kijiji, likiongozwa na Atuki Turner, mwanasheria mzaliwa wa Tororo. Kazi za mwanzo zilikuwa zile ambazo kila kijiji huzihitaji: elimu na afya. Lakini mwanamke anayeleta mtoto kutibiwa huja pia na jicho lililovimba, na mtoto anayeacha shule huwa na mama aliyekimbilia kwao. Waliokuwa wakitoa huduma walianza kuuliza, na majibu yakawa yanarudi palepale: nikiondoka watadaiwa ng'ombe.

Katika jibu hilo ndipo MIFUMI ilipotofautiana na mashirika mengine ya wakati ule. Wengi walishughulikia kipigo kama tabia mbaya ya mtu, ulevi au umaskini. Haya yote yapo, na katika nchi ya pombe ya malwa, inayonywewa kwa mirija kuzunguka chungu kimoja, hakuna asiyeyajua. Lakini MIFUMI ilisema kuna mlango uliofungwa kwa ufunguo unaoonekana. Mwanamke akitaka kutoka, mahari inamzuia. Mwanamume akiulizwa kwa nini anapiga, anajibu kwamba alilipa. Huko Pallisa, magharibi mwa Mbale, mwanamke mmoja alieleza kwamba mumewe alimlazimisha kunyonyesha vitoto vya mbwa wake wa kuwinda, kwa hoja kwamba ng'ombe waliokuwa wakitoa maziwa alishawatoa kwa baba yake. Habari hiyo ilisambaa duniani kote. Kwa wahudumu wa MIFUMI ilikuwa ncha ya mambo waliyoyasikia kila wiki kwa sura ndogo zaidi.

Mwaka 2001 shirika lilifanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka: liliandaa kura ya maoni Tororo. Wanakijiji, wanaume kwa wanawake, walipanga foleni kupiga kura kuhusu mahari. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Faida yake ilikuwa kwamba jambo lililojadiliwa na wazee wachache chini ya mti sasa liliulizwa kwa kila mtu mzima, na kijana asiye na ng'ombe wala mwanamke asiye na sauti kwenye baraza akahesabiwa sawa na mzee wa ukoo. Februari 2004 MIFUMI ilikusanya watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu mahari uliofanyika Kampala. Hapo Tororo ilikuta kwamba haiko peke yake.

Baadaye shirika lilishirikiana na Gill Hague wa Chuo Kikuu cha Bristol na Ravi Thiara wa Chuo Kikuu cha Warwick katika utafiti uliofanyika wilayani Tororo, juu ya uhusiano kati ya mahari, umaskini na ukatili wa nyumbani. Utafiti huo uliweka kwenye maandishi ya kitaaluma kile ambacho wanawake walikuwa wakisema kwa midomo yao. Hili lilikuwa na umuhimu wake, maana mahakamani kilio si ushahidi.

Nyumba ya kukimbilia

Mwanamke aliyeamua kuondoka alihitaji pia mahali pa kwenda. Jinja ina historia yake katika hili. Mji wa viwanda uliwavuta wanaume kwa ajira, na wanawake wakaja kwa njia zao: kuuza samaki na ndizi sokoni, kupika vyakula vya wafanyakazi, kutengeneza pombe, kushona. Wengi wao walikuwa wametoka kwenye ndoa zilizovunjika Busoga, Padhola na kwingineko. Mjini walipata fedha yao, lakini nyumba ya kupanga hubaki ya mwenye nyumba.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mtaa wa Masese ulio kando ya ziwa Victoria, wanawake wa Jinja waliingia kwenye mradi uliosaidiwa na serikali ya Denmark na kuendeshwa pamoja na wizara ya nyumba. Walijifunza kufyatua matofali, kutengeneza vifaa vya kuezekea, useremala na uashi. Wakajenga nyumba zao wenyewe na kuuza vifaa walivyotengeneza. Mradi wa Masese haukuwa wa MIFUMI, na lengo lake lilikuwa makazi. Lakini ulithibitisha jambo ambalo historia ya haki za wanawake husahau mara nyingi: mwenye paa lake huzungumza na mume kwa sauti nyingine.

Mapambano ya ardhi yalitembea sambamba. Mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ilipopitishwa, kifungu cha umiliki wa pamoja wa mume na mke, kilichopiganiwa na Miria Matembe na wenzake, hakikuonekana kwenye maandishi ya mwisho. Wanawake wakakiita kifungu kilichopotea. Marekebisho ya 2004 yalitoa ulinzi wa kiasi: ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia chakula haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Kwa mke wa mkulima wa kahawa kule Bugisu, ridhaa hiyo ni kubwa, ingawa bado si umiliki.

Machi 2010

Kabla ya kesi ya mahari, Mahakama ya Katiba ilikuwa imewapa wanawake ushindi mara mbili. Machi 2004, katika kesi iliyofunguliwa na FIDA-Uganda, ilifuta vifungu vya sheria ya talaka vilivyomruhusu mume kudai talaka kwa ugoni pekee, huku mke akitakiwa kuthibitisha ugoni pamoja na kosa jingine. Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Amos Twinomujuni. Aprili 2007, katika kesi ya shirika la Law and Advocacy for Women in Uganda, ilifuta kifungu cha ugoni kwenye sheria ya makosa ya jinai na vifungu vya urithi vilivyowabagua wanawake.

Mwaka huo huo wa 2007 MIFUMI na wenzake 12 walifungua kesi namba 12, wakitetewa na wakili Ladislaus Rwakafuuzi. Hoja zao zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza, kudai mahari kama sharti la ndoa kunaharibu ridhaa huru ya wanaooana na usawa wao. Ya pili, kudai irudishwe ndoa inapovunjika kunamdhalilisha mwanamke na kumfunga. Upande wa pili alisimama Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akiungana na wakili Kenneth Kakuru, aliyeomba kuingia kwenye kesi kuitetea mila.

Hukumu ilitoka tarehe 26 Machi 2010. Majaji wanne kati ya watano waliikataa kesi. Walisema mahari ni makubaliano ya hiari, katiba inampa kila mtu haki ya utamaduni wake, na ukatili wa nyumbani una sababu nyingi. Aliyedhulumiwa aende mahakama za kawaida. Walitaka pia desturi zenyewe zithibitishwe kwa ushahidi. Aliyesimama upande mwingine alikuwa jaji mmoja, Twinomujuni yuleyule wa 2004, aliyeona kwamba kudai mahari irudishwe kunapingana na katiba.

Mwezi huo ulikuwa wa ajabu kwa wanawake wa mashariki. Machi 2010 ndipo rais aliposaini Sheria ya Ukatili wa Nyumbani na Sheria ya kukataza ukeketaji. Hii ya pili iliwahusu moja kwa moja wanawake wa Sebei, kule Kapchorwa juu ya Mbale, ambako wazee wa Kisabiny wenyewe walikuwa wamefanya kazi tangu miaka ya 1990 kuwashawishi watu wao waache. Serikali ilisema mke asipigwe. Mahakama ikasema deni linalomrudisha kwa anayempiga libaki.

Bungeni nako mlango ulikuwa mzito. Muswada wa Ndoa na Talaka wa 2009 ulipendekeza zawadi za ndoa zisiwe sharti na zisidaiwe tena. Ulipofika mjadala mwaka 2013 ulizua kelele nchi nzima, wabunge wakaambiwa wakawaulize wapigakura, na ukawekwa kando.

Ndoa za Kiislamu na swali la mahari

Mbale, Iganga, Mayuge na Jinja zina Waislamu wengi, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988. Mjadala wa mahari uliwagusa kwa namna ya pekee. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Baba hana haki ya kuichukua. Mke akiomba kujivua kwenye ndoa ndipo suala la kuirejesha huja, na hilo lina taratibu zake.

Kwa sababu hiyo baadhi ya masheikhe na wanawake wa Kiislamu waliona kampeni zile kama vita ya watu wengine. Muswada wa mahusiano ya nyumbani uliokuwa ukijadiliwa mwaka 2005 uliwatoa wanawake wa Kiislamu barabarani Kampala kuupinga, hasa kwa sababu ya kugusa ndoa ya wake wengi. Kesi ya MIFUMI ilijikita kwenye ndoa ya kimila na ikaepuka mgongano huo. Hata hivyo ukitazama ndoa nyingi za mashariki, mila na dini vimechanganyika: baba Mwislamu hupokea ng'ombe kwa mila ya ukoo, na binti hapati kitu mkononi. Wanawake wa Kiislamu wanaotaka mahari yao iwafikie wenyewe wana hoja iliyo karibu na ya MIFUMI kuliko inavyodhaniwa.

Agosti 2015

MIFUMI ilikata rufaa. Miaka mitano ilipita kati ya hukumu ya kwanza na ya pili. Jaji Twinomujuni aliaga dunia mwaka 2013, kabla hajaona mwisho wa jambo aliloliandikia peke yake.

Tarehe 6 Agosti 2015 majaji saba wa Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Bart Katureebe, walitoa uamuzi. Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Jotham Tumwesigye. Mahakama ilikubali kwamba desturi ya mahari inajulikana Uganda nzima na haihitaji mashahidi kuithibitisha. Ikasema kudai irudishwe kunamfanya mwanamke aonekane kama kitu kilichoazimwa, kunapuuza yote aliyoyafanya katika ndoa kwa miaka, na kunaweza kumlazimisha abaki kwenye ndoa ya mateso kwa sababu wazazi wake hawana cha kurudisha. Kwa hiyo ni kinyume cha katiba. Lakini mahari yenyewe, kama zawadi inayotolewa kwa hiari, iliachwa. Jaji Esther Kisaakye peke yake alitaka mahakama iende mbali zaidi na kuifuta pia kama sharti la ndoa.

MIFUMI ilipata nusu ya ilichokiomba. Wapo waliosononeka. Ukipima kwa vitendo, hata hivyo, nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na meno: mwanamke hakuzuiwa kuondoka na sherehe ya siku ya ndoa, alizuiwa na deni. Majirani walikuwa wamefika karibu na hapo kwa njia ya bunge. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ilishasema ndoa haibatiliki kwa kutolipwa mahari. Kenya, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ilisema kiasi kidogo cha ishara kinatosha pale mila inapodai mahari. Uganda ilifika kwa kupitia mahakamani, kwa kesi iliyobebwa na shirika la kijijini.

Yaliyofuata na yaliyobaki

Sheria za baada ya hapo zimeongeza matofali kwenye ukuta huo. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022 yalipandisha fungu la mwenzi aliyebaki kutoka asilimia 15 hadi 20 na kuimarisha haki yake ya kubaki kwenye nyumba ya familia. Sarah Opendi, akiwa mbunge mwanamke wa wilaya ya Tororo, alichukua jukumu la kuupeleka bungeni muswada mpya wa ndoa. Kwamba jukumu hilo lilimwangukia mbunge wa Tororo si ajabu kwa anayeijua historia hii.

Mafanikio ya MIFUMI, hata hivyo, hayapimwi Kampala. Mahakama Kuu hukaa Jinja na Mbale, lakini ndoa nyingi huvunjikia mbali na mahakama hizo, kwenye kikao cha ukoo Jumapili alasiri. Huko mzee hana nakala ya hukumu ya 2015. Anachokumbuka ni ng'ombe wangapi walikuja, rangi zao na nani aliwashika kamba. Ndiyo maana kazi ya shirika imebaki ya kuchosha na isiyo na kamera: vituo vya ushauri, mafunzo kwa viongozi wa koo na wa LC, kumsindikiza mwanamke polisi, kumtafutia pa kulala. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mwanamke aliyeshinda kesi bado ana watoto wa kulisha.

Lipo pia deni kwa wanaume. Kijana wa leo Mbale hana zizi; anaendesha bodaboda au anafundisha shule. Mahari inayodaiwa kwa orodha ndefu humtia kwenye mikopo kabla hajaanza maisha, na mikopo hiyo huingia ndani ya ndoa pamoja na bibi harusi. Hukumu ya 2015 ilimkomboa naye, akiielewa: anachotoa ni zawadi, na zawadi haina risiti ya kurudishia. Baba wa binti naye amefunguliwa, maana anaweza kumpokea mwanawe nyumbani bila hofu ya kuuza shamba.

Kwa hiyo msomaji wa Jinja, Mbale, Iganga au Tororo anayeketi kwenye kikao cha familia ana wajibu mdogo lakini wa kweli. Anayedai ng'ombe wake aambiwe wazi kwamba tangu tarehe 6 Agosti 2015 dai hilo halina nguvu katika mahakama yoyote ya Uganda. Mwenyekiti wa LC1 akiletewa shauri la namna hiyo alikatae, aandike sababu kwenye daftari la kijiji, na auulize ukoo swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: huyu binti alikimbia nini?